Terasi Yako Ni Paa la Mwenzako: Kwa Wanaotaka Kununua Fleti katika Jengo la Kale

Ukitembea Barabara Kuu ya Jinja, Uganda, ukainua macho juu ya mabango ya maduka, utaona mapambo ya plasta, roshani zenye nguzo nyembamba na, kileleni mwa ukuta wa mbele, tarakimu za mwaka jengo lilipojengwa. Mengi ni ya wafanyabiashara wa Kihindi wa miongo ya mwanzo ya karne ya 20: duka chini, familia juu. Kampala na Entebbe nazo zina majengo ya rika hilo, ingawa Kampala imekwisha kubomoa mengi. Jengo la aina hii likikarabatiwa na kugawanywa kuwa fleti za kifahari, muuzaji hutanguliza terasi: upepo wa jioni, ziwa kwa mbali, nafasi ya kukaribisha wageni. Mnunuzi naye hutazama marumaru na jiko. Tunamwomba atazame kwanza jambo jingine. Terasi hiyo ni paa la mtu anayelala chini yake, na mara nyingi imewekwa juu ya jengo ambalo halikupigiwa hesabu ya kuibeba.

Tuanze na uzito. Paa ambalo hukanyagwa na fundi tu hupigiwa hesabu ya kilo 60 hadi 75 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha kulala ni takriban kilo 150. Terasi ambapo watu watakusanyika na kucheza muziki huhitaji kilo 300 hadi 400, na hapo bado hujaongeza chochote cha kudumu. Zege jembamba la kusawazisha, la unene wa milimita 50, lina uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba. Bustani ya udongo wenye kina cha sentimita 30, ukiloa mvua, hupita kilo 500. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani nzima iliyosimama juu ya eneo la mita moja ya mraba. Ndiyo maana tunasisitiza matangi yawe chini, yakiwa na pampu, au yakae juu ya ukuta mnene unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye msingi. Yasiwekwe katikati ya sakafu, hata kama bomba litakuwa fupi zaidi.

Kwa hiyo mwombe muuzaji hesabu za mhandisi aliyesajiliwa, zenye sahihi, zinazoitaja terasi kwa jina. Barua ya jumla inayosema jengo ni imara haitoshi. Kisha omba kuingia fleti ya chini yake. Ikiwa sakafu ni ya mbao, boriti nyingi za zamani ni za mvule, mbao ngumu isiyoliwa na mchwa kirahisi. Katikati ya boriti kwa kawaida huwa salama. Ugonjwa huanzia kwenye ncha, pale mbao inapoingia ndani ya ukuta, kwa sababu tofali lenye unyevu huilowesha mwaka mzima bila hewa kupita. Chukua bisibisi ubonyeze hapo. Ikizama milimita chache kisha ikagota, ni uso tu ulioharibika. Ikizama hadi nusu ya chuma chake, boriti hiyo imekwisha, hata kama iking'arishwa kwa vanishi. Ikiwa sakafu ni ya zege lililobebwa na reli au vyuma vya zamani, tafuta michirizi ya kutu na nyufa zinazofuata mstari wa chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huipasua plasta kutoka ndani. Muuzaji akiwa ametoka kuweka dari mpya ya jipsamu nzima, isiyo na hata kifuniko cha kukagulia, mwombe akate tundu moja. Akikataa, hesabu kwamba hujaona kitu.

Maji ndiyo yanayoharibu terasi nyingi zaidi, na hapa tunaomba msomaji awe na subira kwa sababu vipimo ndivyo vinavyoamua.

Sakafu ya terasi haitakiwi kuwa tambarare. Mteremko uliokamilika usipungue sentimita 1 kwa kila sentimita 80. Kwa kuwa mafundi hukosea kidogo na sakafu za zamani hulegea katikati, michoro hupangwa kwa mara mbili ya hapo, yaani milimita 25 kwa kila mita. Terasi yenye upana wa mita 6 inayomwaga maji upande mmoja itakuwa imeinuka milimita 150 upande wa pili. Juu ya mteremko huo huja utando wa kuzuia maji, tabaka la kuulinda, gundi, kisha vigae. Utando lazima upande ukutani angalau milimita 150 juu ya vigae, na kizingiti cha mlango nacho kiwe juu kiasi hicho. Kasoro huzaliwa hapa: mlango wa kale ulijengwa usawa wa sakafu ya zamani, sakafu mpya imepanda, na mkarabati hakutaka kuugusa mlango mzuri wa mvule. Anabakiza kizingiti cha milimita 20. Mvua ya upepo ikipiga, maji yanaingia sebuleni kwako, kisha yanashuka kwa jirani.

Kupanda huko kwa sakafu kunapunguza pia kimo cha ukuta wa pembeni. Kinga ya terasi inatakiwa kufika mita 1.1 ikipimwa kutoka juu ya kigae, na nafasi kati ya vyuma isipitishe mpira wa milimita 100, maana mtoto mdogo hupitisha kichwa panapozidi hapo. Ukuta uliokuwa na mita 0.9 hapo zamani unaweza kubaki na 0.75 baada ya ukarabati. Beba futi kamba upime mwenyewe.

Sehemu za kutolea maji ziwe mbili au zaidi, na pawepo tundu la dharura linalopenya ukuta wa pembeni, sentimita chache juu ya kigae, litokee mahali ambapo kila mtu ataliona likimwaga. Fikiria terasi ya mita 40 za mraba iliyozungushiwa ukuta, na mfereji wake mmoja umezibwa na majani na mfuko wa plastiki. Mvua ya milimita 60, ambayo kwetu si ajabu kunyesha alasiri moja, inaleta lita 2,400. Hizo ni tani mbili na nusu hivi juu ya sakafu ambayo huenda ilikuwa tayari imefika kikomo chake. Mvua zikifuatana maji yakafika kina cha sentimita 30, ni tani 12. Tundu la dharura ni kipande cha bomba tu, na hakuna sehemu ya terasi inayolinda maisha kwa gharama ndogo kama hiyo.

Utando wenyewe mara nyingi huwa wa lami inayobandikwa kwa moto wa gesi. Juu ya zege, sawa. Juu ya mbao kavu zenye umri wa miaka 90 na vumbi lililojaa kwenye nafasi zake, moto huo unaweza kuliteketeza jengo zima, tena saa kadhaa baada ya mafundi kwenda nyumbani. Hapo udaiwe utando wa majimaji unaopakwa kwa brashi, tabaka mbili zenye kitambaa cha kuimarisha katikati. Baada ya kazi hufanywa jaribio: mifereji huzibwa, maji hujazwa kina cha milimita 50, yanaachwa saa 24, na mtu hukaa chini akitazama dari. Kwenye sakafu ya mbao usikubali jaribio hilo bila idhini ya mhandisi, maana unaongeza kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Tumia mpira wa maji, sehemu moja baada ya nyingine, nusu saa kila moja.

Ukishahamia, adui mkubwa wa utando ni drili. Dishi la televisheni, mwavuli, nguzo za kivuli: skrubu moja inayopenya kigae inatosha kuharibu kazi yote. Vifungwe ukutani, au visimamishwe kwa vitako vizito ambavyo mhandisi amevihesabu.

Kuhusu kuta, neno moja ambalo wamiliki wengi hulipuuza. Matofali ya zamani yalijengwa kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga, si saruji. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje kupitia maungio. Ukilipaka jengo hilo plasta ya saruji na rangi ya plastiki, unyevu unakosa njia, chumvi zinajikusanya ndani ya tofali, na uso wa tofali unamenyuka kama maganda pamoja na plasta mpya. Uchanganyaji wa kawaida ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, na chokaa iwe imeloweshwa vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika. Ukuta ukiwa na ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, urudi baada ya msimu wa mvua. Ufa unaoendelea kutembea, au unaopita milimita 5 kwa upana, ni kazi ya mhandisi kabla haujawa kazi ya fundi wa rangi. Wahenga walikwisha kusema kuhusu ufa na ukuta, nao walisema kweli kabisa.

Walio Fort Portal na magharibi kwa jumla wakumbuke matetemeko ya Toro ya 1966 na 1994. Katika jengo la matofali yasiyo na nondo, kinachoanguka kwanza ni kile kipande cha juu kilichochongwa mwaka, na huangukia wapita njia. Kifungwe kwenye paa kwa vyuma visivyoshika kutu. Eneo lote la Ziwa Victoria lina radi nyingi mno, kwa hiyo terasi iwe na kinga ya radi, na waya wake wa ardhini upimwe: ukinzani usizidi omu 10.

Upande wa karatasi, Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inadai kibali kabla ya kubadilisha jengo na kibali kingine kabla ya kulikalia. Viombe vyote viwili. Sheria ya Kondominiamu ya 2001 ndiyo inayokuwezesha kuwa na hati ya fleti yako peke yake. Soma ramani iliyosajiliwa uone kama terasi ni sehemu ya fleti yako au ni mali ya pamoja unayotumia wewe tu, kwa sababu hapo ndipo inapoamuliwa nani atalipa utando ukichakaa. Uulize pia umiliki wa ardhi yenyewe. Ikiwa ni lizi, yaani ardhi iliyokodishwa kwa muda maalumu, iliyobakiza miaka 30, umenunua miaka 30. Asiye raia hawezi kupata zaidi ya lizi, isiyozidi miaka 99. Na kwa kuwa mengi ya majengo haya yalitwaliwa Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, wakili wako afuatilie mnyororo wa umiliki hadi nyuma ya mwaka huo, pamoja na cheti cha kurejeshewa mali chini ya Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya 1982. Hati iliyoanzia katikati ya mnyororo huo bila maelezo imekwisha kuwapeleka wanunuzi mahakamani.

Mwisho, malipo. Weka katika mkataba kwamba asilimia 5 hadi 10 ya bei itashikiliwa na wakili mpaka terasi ipitie angalau msimu mmoja kamili wa mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, na jirani wa chini asaini kwamba dari yake ni kavu.