Ushauri ambao Mfalme hakatai

Agosti 28, 2019, wajumbe watatu wa Baraza la Faragha, chombo ambacho amri za Malkia zilipitia, walikwenda Balmoral, kasri la Scotland alikokuwa amepumzika Malkia Elizabeth II. Walibeba jambo moja: Waziri Mkuu wa Uingereza, Boris Johnson, anashauri Bunge lisitishwe kwa takriban wiki tano. Malkia akaridhia, na amri ikatoka siku hiyohiyo. Katika vipindi vyetu vya elimu ya uraia swali bado linarudi: mbona hakukataa? Si yeye mwenye nchi?

Jibu limo ndani ya neno "ushauri". Kwetu mshauri husema, na anayeshauriwa huamua. Katiba ya Tanzania, ibara ya 37, inalichukua neno kwa maana hiyo: Rais yuko huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Uingereza mambo ni kinyume. Waziri Mkuu "akimshauri" Mfalme, ameshaamua. Kilichobaki ni saini. Mara ya mwisho kiti cha enzi kukataa muswada uliokwisha kupita bungeni ilikuwa 1708, enzi za Malkia Anne, na hata hapo mawaziri wake ndio waliomshauri akatae.

Ndiyo maana anapofungua Bunge, Mfalme Charles III huvaa taji, hukaa kwenye kiti cha enzi na kusoma "serikali yangu itafanya hili na lile", ilhali hotuba nzima imeandikwa na mawaziri. Akisoma ahadi asiyoipenda, uso hautakiwi kumsaliti. Binafsi naona hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Basi Waziri Mkuu naye nguvu anazitoa wapi? Wananchi hawampigii kura ya uwaziri mkuu. Wanamchagua kama mbunge wa jimbo lake tu. Mfalme humteua yule anayeweza kuungwa mkono na wengi katika baraza la wabunge wa kuchaguliwa, lenye viti 650. Mawaziri wake nao, karibu wote, ni wabunge au wajumbe wa baraza la malodi, lile lisilochaguliwa na wananchi. Baraza la mawaziri likishaamua, kila waziri atautetea uamuzi huo hadharani hata kama ndani aliupinga, la sivyo ajiuzulu.

Wengi huo ukipungua, hata kwa kura moja, serikali imekwisha. Machi 28, 1979, serikali ya James Callaghan ilipigiwa kura ya kutokuwa na imani: 311 dhidi ya 310. Mbunge mmoja wa chama chake alikuwa mahututi, hakuletwa kupiga kura. Uchaguzi ukaitishwa, na Mei Margaret Thatcher akaingia madarakani. Malkia hakuwa na la kuongeza wala la kupunguza.

Na kwa kuwa hesabu ni ya wabunge, kiongozi anaweza kubadilika bila uchaguzi mkuu. Oktoba 2022 Rishi Sunak alimrithi Liz Truss kwa njia hiyo. Watanzania wasione ajabu: Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, mkuu wa nchi aliendelea kuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, Rashidi Kawawa akashika nafasi. Hakuna sanduku la kura lililofunguliwa. TANU ilikuwa na wabunge wake, na hilo lilitosha. Mfumo huo ukadumu mwaka mmoja kamili, hadi Jamhuri ilipotangazwa.

Mfalme amebakiwa na nini, basi? Hukutana na Waziri Mkuu faraghani, kwa kawaida kila wiki, na hakuna anayeandika kumbukumbu. Humo anaweza kuuliza, kutia moyo, hata kuonya. Huo ndio ushauri kwa maana yetu ya nyumbani, na hapo anayeshauriwa ni Waziri Mkuu, ambaye ana hiari ya kuupuuza.

Lakini je, ushauri wa Johnson kama ulikuwa batili, nani angemzuia? Septemba 24, 2019, majaji 11 wa Mahakama ya Juu walisema kwa kauli moja kwamba ushauri ule ulivunja sheria, kwa hiyo amri iliyotokana nao ilikuwa sawa na karatasi tupu. Malkia hakutupiwa lawama; aliyeshauri ndiye aliyebeba mzigo. Kesho yake saa tano na nusu asubuhi wabunge walikuwa wamerudi vitini, na jioni Johnson, aliyekatisha safari yake ya New York, akasimama mbele yao kujibu maswali.