Paipu ya Maji Si Paipu ya Upepo

Karakana nyingi za nyuma ya nyumba huku Kondele na Nyamasaria, Kisumu, zinafanana: kompresa (mashine ya kubana upepo) ya lita 50 kwenye kibanda cha mabati, na paipu ya PVC, ile ya plastiki ngumu ya maji, ikipeleka upepo huo kwa kutambaa ukutani hadi pale pa kuzibia puncha au kupigia rangi. PVC ni rahisi, haishiki kutu, na gundi yake haikosi duka lolote la vifaa vya ujenzi. Shida ni zile sababu ambazo mafundi hupeana ili waendelee kuitumia.

“Imeandikwa PN16, na kompresa yangu haipiti bar 8.”

PN16 maana yake inahimili bar 16. Hesabu hiyo ni sawa, ila namba yenyewe ni ya maji, tena maji yenye joto la nyuzi 20 hivi. Maji karibu hayabaniki. Paipu ya maji ikipasuka, presha inaisha papo hapo na wewe unabaki na matope. Upepo uko tofauti: lita moja iliyobanwa kwa bar 8 (psi 116 hivi) inatafuta kuwa karibu lita tisa mara tu ipatapo upenyo, na hutoka kwa mshindo mmoja. PVC nayo haivimbi kwanza ikakuonya. Hupasuka kama chupa na kurusha vipande vyenye ncha. Kwa hiyo kushika presha leo si hoja. Hoja ni itavunjika vipi siku itakapogongwa na ngazi.

Halafu kuna joto, ambalo watu hulisahau kabisa. Upepo hutoka kwenye kichwa cha kompresa ukiwa moto, na kibanda cha mabati saa nane mchana Kisumu unakijua mwenyewe. Kwa majedwali yanayotumika Marekani, PVC ikifika nyuzi 43 hubakiwa na nusu ya uwezo wake. Ikifika nyuzi 60, chini ya robo. Hapo PN16 yako imekuwa bar tatu na nusu.

“Yangu ina miaka na miaka, haijawahi kulipuka.”

Na kila mwaka inazidi kuchoka: jua, mafuta ya kompresa, mtetemo, presha inayopanda na kushuka kila mashine inapowaka na kuzima. Mwaka 1988, OSHA, shirika la serikali ya Marekani la usalama kazini, lilitoa onyo baada ya paipu ya PVC iliyobeba upepo kulipuka kiwandani Texas. Lilisema ikitumika, iwe imefukiwa ardhini au imefunikwa kwa kitu kinachoweza kuzuia vipande. Kuibana vizuri ukutani kwa klipu hakusaidii chochote.

“Basi nitaweka PPR, ile plastiki ya maji moto.”

Afadhali, kwa kuwa haitawanyiki vipande kirahisi, na viungo vyake huyeyushwa vikawa kitu kimoja. Lakini nayo hulegea kwa joto. Wapo watengenezaji wanaoandika kwamba yao inafaa kwa upepo na kwa presha gani, wengine hawaandiki. Muuzaji akishindwa kukuonyesha maandishi hayo, iache dukani.

“Chuma cha GI, kile kilichopakwa zinki, kitaota kutu kiharibu rangi.”

Kutu ni kweli, woga umezidi. Hewa ya pembeni mwa ziwa ina unyevu mwingi. Ikibanwa kisha ikapoa ndani ya paipu, unyevu huo unageuka maji. Ilaze paipu kuu kwa mteremko wa sentimita moja kila mita, weka vali ya kumwagia maji kwenye ncha ya chini, na kila tawi litokee upande wa juu wa paipu kuu ndipo lishuke. Kichujio chenye mtego wa maji kikae karibu na bunduki ya rangi, mbali na joto la kompresa. Shaba haina usumbufu huo wa kutu, ila bei yake inauma na wezi wanaipenda kuliko wewe.

Kwa maoni yangu karakana nyingi za nyumbani hazihitaji hata paipu. Kama ni mita kumi tu, mpira wa upepo ulioandikwa psi 300 unatosha. Hata ukiweka chuma, kipande kifupi cha mpira huo kati ya kompresa na paipu kitameza mtetemo.

“Nikimaliza kufunga nitajaza upepo nione kama inavuja.”

Anza na maji. Yajaze kwenye paipu peke yake, tangi na kompresa vikiwa vimetenganishwa, kisha sukuma kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, yaani bar 12 kwa kompresa ya bar 8. Kiungo kibovu kitatema maji tu. Yamwage yote, ndipo uingize upepo wa presha ya kawaida na upake povu la sabuni kwenye viungo. Ukiona povu linapuliza, shusha presha yote hadi geji isome sifuri kabla hujagusa spana.