Ukienda Chooni, Watoto Wanabaki na Nani?

Malalamiko yanayotufikia katika ofisi ya afya ya umma hapa Nakuru kuhusu deikea za nyumbani yamebadilika sura. Zamani wazazi walilalamikia uji mwepesi na nepi zilizokaa na mtoto tangu asubuhi. Siku hizi wengi wanaleta jambo moja: nilipita mchana kumwona mtoto, nikakuta kufuli nje na vilio ndani. Yanatoka Kaptembwa, Rhonda, Free Area, hata mitaa ambayo mtu angedhani watu wake hawana shida ya nafasi. Tukimtafuta mlezi na kumuuliza alikokuwa, hakuwa mbali. Alikwenda choo. Alipeleka mahindi kwa posho mill. Alikwenda kutoa pesa kwa ajenti hapo kona.

Naandika kwa ajili ya huyo mlezi, anayelea watoto wa wenzake peke yake katika chumba chake. Vituo vyenye walezi watatu na kuendelea vina ratiba ya zamu, na kama havina, hiyo ni makala nyingine.

Niseme mapema kwamba ofisi haina ugomvi na mapumziko. Mlezi anayefungua saa kumi na moja na nusu alfajiri ili mama wa kibarua awahi kufua Milimani au Section 58, kisha akafunga saa moja na nusu jioni, amefanya kazi saa 14. Hakuna binadamu anayekaa saa 14 bila kwenda haja, bila kula na bila kupiga simu ya nyumbani. Kwa hiyo mlezi anaponiambia, kwa fahari kabisa, kwamba yeye hapumziki, ninaelewa kuwa anapumzika kwa kujificha. Hapo ndipo ukaguzi wangu unapoanzia.

Nichukue ploti moja ya Kaptembwa. Vyumba kumi vinatazamana, kamba za nguo katikati, choo mwisho kabisa karibu na ukuta. Ufunguo wa choo umefungiwa kipande cha mti ili usipotee, na unakaa kwa keretaka, mwangalizi wa ploti. Nilihesabu hatua kutoka mlango wa deikea hadi mlango wa choo: 42, na hapo hujapitia kwa keretaka. Chumbani kulikuwa na watoto sita, wawili wao hawajaanza kutambaa. Jiko la makaa lilikuwa mlangoni, thamosi ya chai sakafuni, na chini ya meza ndoo ya maji ya kufulia, bila kifuniko.

"Daktari," mlezi aliniambia (mimi si daktari, ila kwenye ploti kila anayeshika faili ni daktari), "mimi huwa sinywi maji mpaka saa kumi. Nikinywa nitasumbuka."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Kila baada ya wiki chache, akasema, mkojo unamchoma na kichwa kinamgonga. Ananunua dawa dukani, kinatulia, kinarudi. Kukaa na mkojo muda mrefu na kutokunywa maji ya kutosha kunafungua njia ya maambukizi ya mkojo, na mlezi mwenye homa na maumivu ya kiuno si mlezi wa kuachiwa watoto sita. Nilimwambia anywe maji. Akaniuliza swali lililo kichwani mwa makala haya. Aliniuliza kwa ukali kidogo, na alikuwa na haki.

Tuanze na kufuli. Walezi wengi wanaamini kwa moyo safi kwamba kufuli ni ulinzi: mtoto hatatoka barabarani, mgeni hataingia. Sasa fikiria makaa yanaruka kwenye godoro wakati ufunguo uko mfukoni mwako na wewe uko kwenye foleni ya posho mill. Jirani atasikia kilio, atavuta kitasa, atabaki hapo. Ukiacha jiko linawaka ndani na mlango umefungwa, hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala haimwamshi aliyelala. Na ndoo ile ya chini ya meza: mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika kiwiko, kwa sababu kichwa chake ni kizito, na akitumbukia hawezi kujiinua. Hapigi kelele. Haya hutokea katika dakika zile zile ambazo mtu huziita "dakika mbili tu".

Kwa upande wa sheria nitaeleza kwa kirefu, maana hapa ndipo maneno ya mtaani yanapotosha zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeijengea haki hiyo utaratibu. Ratiba ya Nne ya Katiba inaweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo kauli kwamba "deikea ya nyumbani haina mwenyewe" haina msingi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza kuweka kero inayohatarisha afya mahali popote. Afisa akikuta hatari anaweza kukuandikia notisi. Notisi hiyo inataja kinachotakiwa kuondolewa au kurekebishwa na muda uliopewa. Soma tarehe. Ukitimiza, afisa anaporudi anathibitisha na mambo yanaishia hapo. Usipotimiza, suala linaweza kwenda mahakamani, na huko hakimu ndiye anayeamua. Narudia kwa sababu kila wiki kuna mtu anayekimbia kwa mlango wa nyuma akituona: notisi peke yake haifungi deikea yako.

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto akifa kwa sababu ya uzembe wa mtu aliyekuwa na wajibu wa kumtunza, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inaweza kulihesabu kuwa kosa la kuua bila kukusudia chini ya kifungu cha 202, na kifungu cha 205 kinaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Kwamba ulikuwa chooni ni maelezo utakayoyatoa mbele ya polisi na mahakama. Sisemi yatakubaliwa wala yatakataliwa. Nasema hutaki kufika huko.

Na tafadhali, kibali cha biashara cha kaunti ukutani hakijibu swali hili. Kibali kinaonyesha umelipia kufanya biashara. Hakisemi nani anabaki na watoto.

Mlezi yule nilimwambia kwamba safari ya choo ipangwe kabla ya mkojo kumbana. Kwanza aende kabla mtoto wa kwanza hajafika. Baada ya hapo awe na mtu wa mlangoni: jirani anayefua, mama wa mboga, yeyote mzima ambaye wazazi wanamjua. Huyo anaingia ndani na kukaa na watoto. Kumpigia kelele akiwa kwenye kamba, "Mama Njeri, niangalizie hao!", si kukabidhi, Mama Njeri ataangalia nguo zake. Jiko linatolewa nje mahali wasipofikia, ndoo inafunikwa na kuinuliwa, thamosi inapanda kabatini. Unahesabu kwa sauti: "Nakuachia sita, huyu mdogo amelala, yule ana mafua." Ukirudi unanawa mikono kwa sabuni, unahesabu tena. Kuwabeba watoto hadi chooni, mmoja mgongoni na mwingine mkononi, nimekuona kukifanyika na sikushauri. Sakafu ya choo cha ploti huwa na utelezi, na shimo halijui mtoto wa nani.

Je, jirani akikosekana? Wapo walezi wanaoweka ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia kwa haja ndogo, wakaimwaga choo mtu akipatikana. Ofisi haijaandika popote kwamba inaidhinisha jambo hilo, nami siidhinishi. Ila nikilinganisha ndoo iliyofunikwa vizuri, mahali mtoto hafiki, na kufuli la nje, najua ni lipi nisingependa kulikuta.

Msaidizi wa zamu fupi ndiye dawa ya kudumu. Nusu saa mchana na nusu saa jioni inatosha kula, kuswali, kujinyoosha mgongo. Walezi wa Bondeni wameniuliza kuhusu swala ya adhuhuri: ikiwa hakuna wa kukupokea, swali ndani ya chumba hicho hicho, watoto wakiwa mbele ya macho yako, jiko likiwa nje. Gharama ya msaidizi inazungumzika. Wazazi wanane wakiongeza shilingi 10 kila mmoja kwa siku, hiyo ni shilingi 80 za mama jirani ambaye asubuhi yake imeshaisha. Mzazi anayeona 10 ni nyingi aulizwe anadhani analipia nini. Msaidizi huyo akiwalisha watoto, naye ni mshika chakula kama wewe, na cheti cha afya cha washika chakula hupimiwa upya kila baada ya miezi sita. Si cha kupima mara moja ukakilaminisha.

Msaidizi awe mtu mzima. Msichana wa miaka tisa aliyefunga shule Aprili si msaidizi, hata kama "ana akili". Ikiwa ni siku ya shule, umeongeza kosa juu ya kosa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtoza mzazi asiyempeleka mtoto shule faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mapumziko wakati watoto wamelala yanahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Unaweza kuketi, kula, hata kuinua miguu, lakini mahali unapowaona. Mtoto mchanga alazwe chali, bila mto, na bila blanketi zito la Julai lililomfunika uso. Usijilaze kando yake "kidogo tu". Aliyeamka saa kumi usiku akijilaza hachagui saa ya kuamka, na mtu mzima aliyelala fofofo anaweza kumlalia mtoto asijue. Kama ulikesha na mwanao mgonjwa, waambie wazazi asubuhi hiyo. Watakasirika, ndiyo.

Kuna jambo ambalo nikilikuta sina uvumilivu nalo, na naomba nisibembelezwe: kuwapa watoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili walale mlezi apumue. Dawa hizo zinaleta usingizi kwa kupunguza kasi ya mwili, na kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza pumzi. Hakuna kipimo "kidogo" cha kumlaza mtoto asiye mgonjwa. Mzazi, mwanao akilala kila jioni kama gunia, mchana alilala na usiku analala, mpeleke kituo cha afya na useme wazi unachoshuku. Anayeogopa kwenda kwa chifu au kwa afisa wa watoto anaweza kupiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Watu huniuliza idadi: mlezi mmoja abaki na wangapi? Ninakuuliza nawe: moto ukiwaka sasa hivi, utawatoa wangapi wasiotembea kwa safari moja? Mikono ni miwili. Ukiwa na wachanga wanne na wewe peke yako, hata mapumziko tuyaweke kando kwanza.

Nanyi wazazi, mnatuandikia kuhusu kufuli, na mnafanya vyema. Lakini deikea inayofunga saa kumi na mbili mnafika saa mbili usiku, simu imezimwa, kisha mnauliza mlezi amechoka na nini na kazi ni kukaa tu. Andikeni makubaliano kwenye karatasi moja: saa ya kufungua, saa ya kufunga, saa ya mlezi kupumzika, jina na simu ya msaidizi, malipo ya kuchelewa, na nani wa kupigiwa mlezi akiugua ghafla. Mwoneni msaidizi na kitambulisho chake kabla hajawashika watoto wenu. Karatasi ibandikwe ukutani, juu ya mikono ya wachoraji wadogo.

Niliporudi Kaptembwa kuangalia kama notisi niliyomwandikia mlezi yule imetimizwa, ndoo ilikuwa na kifuniko na juu yake limewekwa tofali. Jiko limehamia dirishani kwa nje. Landilodi, baada ya kuvutana naye, alikuwa amechongesha ufunguo wa pili wa choo, nao unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Mama wa mboga ndiye aliyenifungulia, mtoto begani. Mlezi, akaniambia, "ameenda haja, ngoja dakika tano." Nikakaa kwenye kigoda, nikahesabu watoto: sita.