Mtoto hali chakula: maswali ya wazazi, na moja la muuguzi

Mwanangu ana miaka miwili, anachagua chakula. Huo ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua, na hamu ya kula nayo hushuka. Leo atakula vijiko viwili vya wali, kesho atamaliza sahani nzima. Tazama kadi ya kliniki: uzito ukiwa unapanda kama kawaida yake na mtoto anacheza, tulia.

Tatizo la ulaji ni jambo jingine. Mtoto hali chakula kama wenzake wa umri wake kwa wiki mbili au zaidi, na lipo linalomzuia. Mwaka 2019 wataalamu wa fani mbalimbali waliafikiana kwamba chanzo kitafutwe pande nne: maradhi, lishe, ustadi wa kutafuna na kumeza, na yanayotokea kati ya mtoto na anayemlisha. Huo wa nne mzani hauuonyeshi. Anaujua anayeshika kijiko.

Bibi yake anasema ana kimeo, tumpeleke akakatwe.

Asikatwe. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kila mtu anacho. Kukikata kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na chanzo cha tatizo kikabaki palepale. "Meno ya plastiki" nayo ni hivyohivyo: kinachochokolewa kwenye ufizi ni jino changa ambalo bado halijaota.

Lakini bibi msimbeze, maana kuna kitu amekiona. Muulizeni: mtoto anakohoa wakati gani? Akinywa maji, au akila ugali? Mwanzo wa mlo, au akishachoka? Majibu yake nendeni nayo kliniki.

Wangu ana mtindio wa ubongo. Kumlisha ni saa nzima, na anapaliwa. Nimlaze ndiyo chakula kishuke?

Usimlaze, mama. Akilala huku kichwa kimeangalia juu, uji huingia kwa urahisi kwenye njia ya hewa. Mkalishe wima, mgongo na kichwa vikiwa na egemeo, kidevu kimeinama kidogo, nawe ukae chini, usawa wa macho yake. Kijiko kiwe kidogo, na usilete kingine kabla hajameza. Uji mwepesi hukimbia mdomoni, mzito kiasi humpa muda wa kujipanga. Uzito wa uji unaomfaa utafuteni pamoja na mtaalamu, maana watoto hawalingani.

Mlo kuzidi nusu saa kila mara ni dalili ya kumweleza daktari. Vilevile sauti inayokoroma kama yenye maji baada ya kula, na nimonia za mara kwa mara. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo.

Nimbane pua afungue mdomo?

Hapana. Akifungua mdomo atavuta hewa pamoja na chakula. Na kesho ataanza kulia akiona kijiko tu.

Mimi ni muuguzi. Namwelekeza mama alishe mara tano kwa siku, mwezi ujao uzito ni uleule. Kwani hafuati?

Umewahi kumwona akilisha? Mwambie aje na bakuli lake, kijiko chake na uji anaoupika nyumbani, amlishe mbele yako. Kama mtoto hukataa mbele ya wageni, amrekodi kwa simu. Ndani ya dakika kumi utaona kama ulimi unasukuma chakula nje, kama kijiko ni kikubwa, kama uji ni maji matupu. Pengine mtoto hulishwa mara tano kweli, ila nusu inaishia kwenye kitambaa cha kufutia. Halafu muulize: ni saa ngapi anakula vizuri, na kwa nani? Hapo yeye ndiye mwalimu wako.

Lini nikimbie hospitali?

Midomo ikigeuka bluu, akihema kwa shida, au akishindwa kunywa kabisa. Na kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo.