Je, ni kweli ndege hawaimbi Auschwitz?

Wengi waliosikia habari za Auschwitz, kambi ya Wanazi huko Polandi, husadiki kwamba hadi leo ndege hawaimbi pale. Imani hiyo inaeleweka: watu wapatao milioni 1.1 waliuawa hapo kati ya 1940 na 1945, wengi wao Wayahudi, na moyo hutarajia hata viumbe wanyamaze.

Lakini ndege wapo, na wanaimba. Tena wakati wa vita vyenyewe mlinzi mmoja wa kambi, mtaalamu wa ndege, alichapisha makala ya kisayansi kuhusu ndege wa eneo hilo. Kwangu mimi, hilo linatisha kuliko ukimya.

Kuhakikisha si kazi: tafuta video za wageni zilizorekodiwa Birkenau, sehemu ya kambi hiyo, majira ya kuchipua, zisizowekewa muziki, usikilize.

Anayefika akitarajia ukimya huenda akajilaumu kwa kutohisi kitu katikati ya nyasi mbichi na sauti za ndege. Kumbe ganzi ya namna hiyo huwapata wengi. Huzuni yaweza kuja baadaye, mbele ya masanduku ya safari ya wafungwa, yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya hapo, yenye majina ya wenyewe, yameandikwa kwa rangi nyeupe.