Masta ya bioteknolojia na usimamizi: yanayosemwa Goma, na ukweli wake

"Hiyo ni masomo ya waliochoka na sayansi." Haya nimeyasikia kwa wazazi pale Himbi, na hata kwa walimu wetu. Si kweli. Masta za namna hii, zinazounganisha uongozi wa kazi na sayansi ya kutumia viumbe hai kutengeneza vitu kama dawa, kwa kawaida zinampokea mtu mwenye shahada ya sayansi: biolojia, kemia, famasia. Keck Graduate Institute ya Claremont, Kalifornia, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilijengwa juu ya wazo hilo. Mwanafunzi anasoma jeni na protini, anasoma pia hataza (haki za kisheria za mvumbuzi), fedha na kanuni za kuidhinisha dawa, na badala ya tasnifu anafanya na wenzake mradi wa kampuni.

"Bioteknolojia ni ya Wazungu, sisi tunanunua tu." Hili ndilo linaloniuma. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit, mji wa nchi yetu ya Kongo. Kutoka kwenye damu ya mtu aliyepona ikapatikana kingamwili (protini ambayo mwili unaitengeneza kupigana na ugonjwa) iitwayo mAb114, na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu, ni miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo. Ikajaribiwa kwa wagonjwa huku kwetu, Beni na Butembo, mwaka 2018 na 2019. Desemba 2020 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa jina la Ebanga. Haki ya kuiendeleza ilipewa Ridgeback Biotherapeutics, kampuni ya Miami, Marekani. Damu yetu, wagonjwa wetu, na elimu yetu pia ilikuwemo. Ndiyo sababu nataka vijana wetu waielewe kingamwili na waweze kuusoma mkataba wake mstari kwa mstari.

Eti hakuna kazi? Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitoa kwinini, dawa ya malaria, kwenye magome ya mti. Mtu wa kupanga uzalishaji huo lazima aijue kemia.

"Karatasi ni za watu wa ofisi." Nami niliamini hivyo. Tuliagiza vitendanishi vya maabara, yaani kemikali za kupimia, kisanduku kikakwama mpakani siku nne kwa sababu fomu yetu haikutaja joto la kuhifadhia. Nilipokifungua, barafu ilikuwa maji ya vuguvugu, lebo zimebanduka zinaelea, na huwezi kujua chupa ipi ni ipi. Tulimwaga vyote. Tangu siku hiyo fomu najaza mwenyewe, na joto ndilo naanza kuliandika.