Upweke, kuishi peke yako na uchumi wa mkoa: maswali na majibu

Je, kila anayeishi peke yake ni mpweke?
Hapana. Kuishi peke yako ni jambo la kuhesabika: kaya yenye mtu mmoja. Upweke ni maumivu ya kukosa uhusiano unaoutamani, na humpata hata aliye katika nyumba iliyojaa watu. Mipango mingi ya kupunguza upweke huharibikia hapa. Wahudumu hupewa orodha ya wanaoishi peke yao, wakabisha hodi kwa watu wenye marafiki tele, huku mjane anayekaa na wanawe wasiomsemesha akirukwa.

Basi upweke hupimwaje?
Kipimo kifupi kina maswali 3: ni mara ngapi unahisi huna wa kuwa naye, umeachwa kando, au umetengwa na wenzako? Jibu "nadra" ni alama 1, "mara mojamoja" 2, "mara nyingi" 3. Jumla ikifika 6 au zaidi, kwa kawaida mtu huhesabiwa kuwa mpweke. Usimuulize mbele ya jamaa zake, atakuficha.

Unaudhuru vipi mwili?
Mwili hukaa katika tahadhari. Homoni za msongo hupanda, usingizi hukatika, presha huongezeka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha upweke na kutengwa na ongezeko la 29% la hatari ya ugonjwa wa moyo na 32% ya kiharusi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anaguswa na upweke.

Uchumi wa mkoa unaingiaje hapo?
Kwanza kupitia kitanda cha hospitali. Mgonjwa amepona kiasi cha kuruhusiwa, lakini nyumbani hakuna wa kumpikia wala kumkumbusha dawa, kwa hiyo anabaki wodini na mwingine anakosa nafasi. Kazini, mpweke hukosa siku nyingi zaidi, na hata akifika hufanya kazi akili ikiwa mbali.

Kibaya zaidi ni mzunguko wake. Vijana wakihama, abiria hupungua na basi linafutwa. Duka linakosa wateja linafungwa. Kwa mzee aliyebaki, duka lile ndilo lililokuwa mahali pake pa mwisho pa kusalimiwa. Anaacha kutoka, miguu inadhoofika, anaanguka, gharama inarudi kwenye bajeti ya afya ya mkoa uleule uliookoa fedha za basi. Afisa wa usafiri na afisa wa afya wakitenganisha hesabu zao, hasara hiyo haionekani popote.

Nini husaidia?
Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani 2021. Katika zahanati, njia inayofaa ni mhudumu kiungo: daktari humtuma mgonjwa kwake, naye humuuliza zamani alipenda nini, kisha humtafutia kikundi cha kwaya, bustani au mazoezi. Mara ya kwanza amsindikize mwenyewe. Kumpa karatasi yenye anwani tu hakutoshi, kwa sababu mpweke wa muda mrefu hutarajia kukataliwa na hafiki mlangoni. Baada ya wiki chache ampigie simu. Akiwa ameacha kwenda, ajue sababu: usafiri, masikio yasiyosikia vizuri, au aibu.

Ni lini hali huwa ya dharura?
Akitaja kutaka kufa au kujidhuru, usimwache peke yake. Afikishwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo.